Hesabu ya Kona Baridi

Nilipewa kiti cha plastiki, mwavuli wenye tangazo la sabuni,
kalamu mbili, na fomu ya safu saba:
gari dogo, pikapu, basi, lori, trela, pikipiki,
na mwisho kabisa, "nyinginezo".
Siku saba, alfajiri hadi giza.
Kila kipitacho Barabara ya Magadi, kijiti kimoja;
cha tano kinalazwa juu ya vinne
kama mtu aliyechoka kuegemea lango.

Bwana Ombui, msimamizi, alisema:
"Usihesabu sura. Hesabu magurudumu."

Jumatatu hadi Alhamisi barabara ilikuwa ya wenyewe.
Malori yakipanda kwa gia ya kwanza, yakikohoa unga mweupe.
Pikipiki za maziwa zikikimbilia Kiserian.
Punda wanne na mitungi ya maji:
nikawatia kwenye "nyinginezo".
Nashipai, auzaye chai kando yangu, akacheka,
"Na mimi niweke huko huko."

Ijumaa jioni Nairobi ikafungua mlango.
Wakaja wa Lang'ata, wa Karen, wa South C,
baiskeli zimefungwa nyuma, hema juu ya paa,
jiko la makaa likichungulia dirishani,
mbwa aliyechanwa nywele kunishinda mimi.
Vijiti vyangu vikawa mvua ya masika.
Na wote, wote, walipunguza mwendo pale pale
ardhi inapoisha bila taarifa
na Bonde la Ufa kulala chini, kahawia, halina haraka,
na wote vinywa vikatamka "Aaa".
Nilitafuta safu ya "Aaa". Haikuwepo.

Mimi nakaa Rongai, mwaka wa kumi na mmoja huu.
Sijawahi kushuka ng'ambo ya kona hii.
Magadi niijuayo ni ile ya kijiko,
naitia kwenye sufuria maharagwe yalainike
gesi isije ikaniishia katikati ya mwezi.

Jumapili walirudi.
Vumbi hadi kwenye kope, chumvi kwenye matairi,
watoto wamelala shingo upande.
Gari la kijani, lililoshuka Ijumaa likiwa limejaa vicheko,
lilipanda kimya; mke akitazama dirisha lake, mume lake.
Mbwa ndiye pekee aliyenitambua.
Unaona, sura nazo zilikuwa zinajihesabu.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikajumlisha.
Yaliyoshuka tangu Ijumaa: elfu moja mia mbili na kumi na manne.
Yaliyopanda: elfu moja mia mbili na matatu.
Nikarudia. Nikarudia tena, kidole kikifuata safu.
Kumi na moja hayakurudi.

"Sawazisha," Bwana Ombui akasema kwenye simu,
"ongeza vijiti, barabara haili magari."
Nashipai, akimwagia makaa maji:
"Si labda wamepapenda?"

Nikayawaza kumi na moja gizani.
Moja limekufa injini, linangoja kipuri.
Moja limekwama mchangani, mwenyewe anatukana mashine.
Lakini moja, walau moja,
mwenye nalo amezima simu,
ametumbukiza miguu kwenye chemchemi ya moto,
anawatazama heroe wakisimama mguu mmoja,
na Jumatatu haimdai kitu.

Sikusawazisha. Niliandika *11* pembeni, nikatia sahihi.

Kulipokucha nilikwenda kurudisha kiti.
Lori tupu lilisimama kupoza breki;
dereva, Muthengi, alishuka kunywa chai,
akaniona nimeshika mwavuli kama mgeni wa harusi asiyejua mlango.
"Unashuka?"
Nilikuwa na ujira wa siku saba kwenye soksi
na maharagwe yameloweka nyumbani tangu jana.

Nikampa Nashipai mwavuli.

Kwenye kona, lori likashika gia,
nami nikatamka nilichotamka.
Kiti kilikuwa kitupu.
Hakuna aliyetuhesabu.